Ritifaa na Jina: Historia ya Alama Zilizoruhusiwa katika Majina ya Programu za Kompyuta na Mahali pa Herufi ng' ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu alama ndogo sana. Ni ritifaa, ile tunayoiandika katika maneno ng'ombe, ng'ara, ng'amua na ng'ang'ania. Sikusudii kueleza upya fonolojia ya king'ong'o cha kaakaa laini, kwa kuwa kazi hiyo imekwishafanywa na wengine. Ninakusudia kuifuata alama hiyo hadi mahali ambapo wanaisimu mara chache huitafuta, yaani ndani ya lugha za programu za kompyuta.

Kila anayeandika programu hulazimika kutoa majina. Huvipa majina vitu anavyovihifadhi, na huvipa majina vitendo anavyotaka mashine ivitekeleze. Kitendo kilichopewa jina ili kiweze kuitwa tena na tena, hasa kinapofungamanishwa na kitu fulani, tutakiita mbinu katika mhadhara huu. Tangu lugha hizi zilipoanza kubuniwa katika miaka ya 1950, wabunifu wake wamekuwa wakijibu swali moja: ni alama zipi zinazoruhusiwa kuwamo katika jina? Je, ni herufi na tarakimu tu? Kistari je? Kiulizi, alama ya mshangao, ritifaa? Majibu yametofautiana sana, na kila jibu lilikuwa na sababu zake.

Hoja yangu ni hii. Majibu hayo hayakutolewa kwa kuifikiria lugha yetu, na mengi yao yameifungia mlango herufi ng'. Hata hivyo, si haki kuwatupia wabunifu wa kompyuta lawama yote. Sehemu ya tatizo ilizaliwa katika othografia yetu wenyewe, pale tulipoiandika konsonanti moja kwa kuazima alama ya uakifishaji, kisha tukaacha bila kusema wazi iwapo alama hiyo, inapokuwa mahali hapo, ni sehemu ya herufi au ni alama tu. Binadamu anaweza kuishi na utata huo kwa karne nzima pasipo kuuona. Kompyuta haiwezi.

2.0 Herufi ng' kabla ya kompyuta

Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa hati ya Kirumi. Katika hati hiyo hapakuwa na herufi mahususi ya sauti tunayoizungumzia. Mara nyingi ghaini ilibeba mzigo wa sauti kadhaa, na msomaji aliyeijua lugha akabainisha kwa muktadha. Wamisionari wa karne ya 19, miongoni mwao Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, ndio walioanza kuijaribu hati ya Kirumi kwa kina, kila mmoja kwa desturi zake za tahajia.

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulifungua njia ya usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Katika miaka hiyohiyo, taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka 1926 ilikuwa ikipendekeza tahajia moja kwa lugha za bara letu. Tahajia hiyo iliiwakilisha sauti hii kwa herufi moja kamili, yaani ŋ. Lugha kadhaa za Afrika Magharibi ziliipokea. Kiswahili Sanifu kilibaki na ng', na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981.

Faida ya ng' ilikuwa dhahiri. Kila taipureta na kila kiwanda cha chapa kilikuwa na ritifaa, ilhali ŋ ilihitaji herufi mpya kuchongwa. Wala tofauti inayobebwa na ritifaa si ya pambo. Ng'oa ni kukitoa kitu kilichoshika ardhini. Ngoa ni hamu au wivu. Anayeiacha alama hiyo hajafupisha neno, bali ameandika neno jingine.

Lakini ritifaa ina kazi ya pili katika lugha yetu. Katika ushairi na katika kuwakilisha mazungumzo, huonyesha silabi au sauti iliyodondoshwa, kama pale mshairi anapoandika n'kenda kwa maana ya nikenda. Hapo ni alama kwelikweli, kwa sababu haina sauti yake. Ndiyo maana vitabu vyetu vya sarufi huiweka ng' katika jedwali la konsonanti, na vitabu hivyohivyo, kurasa chache mbele, huiweka ritifaa katika orodha ya alama za uakifishaji pamoja na mkato na nukta. Ni alama hii yenye hadhi mbili iliyokuja kukutana na mashine zisizojua kusoma muktadha.

3.0 Majina ya herufi sita

Lugha ya kwanza ya programu iliyoenea sana ilikuwa FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 kwa ajili ya mashine yake iliyoitwa 704. Kanuni yake ya majina ilikuwa fupi: jina lianze kwa herufi, liendelee kwa herufi au tarakimu, na lisizidi alama sita. Sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kumbukumbu ya mashine ile iligawanywa katika vipande vya biti 36, na kila alama ilichukua biti 6. Kwa hiyo jina la alama sita lilienea barabara katika kipande kimoja. Umbo la chombo ndilo lililoamua umbo la jina.

Hebu tulipime neno letu kwa kipimo hicho. NGOMBE, likiandikwa bila ritifaa, lina herufi sita kamili, na lingepita. Tena, FORTRAN ilikuwa na desturi ya kuyahesabu majina yanayoanza kwa herufi kati ya I na N kuwa ni ya namba nzima zisizo na sehemu; kwa hiyo NGOMBE wangehesabiwa wazimawazima, jambo ambalo mfugaji yeyote angelikubali. Lakini NG'OMBE lina alama saba, na mojawapo si herufi. Lingekataliwa kwa makosa mawili.

COBOL, iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara na serikali, ilichukua mwelekeo mwingine. Iliruhusu majina ya hadi alama 30, na ikaruhusu kistari katikati, ili karani aweze kuandika maneno mawili au matatu kama jina moja. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Kistari na alama ya kutoa ni kitu kimoja kwenye kibodi; kwa hiyo aliyetaka kutoa namba moja katika nyingine alilazimika kuacha nafasi pande zote mbili za alama, la sivyo maandishi yake yangesomwa kuwa jina. Hapa tunaona kwa mara ya kwanza kanuni itakayojirudia katika historia hii yote: alama inayoruhusiwa katika jina ni alama iliyonyang'anywa kazi nyingine, au iliyowekewa masharti katika kazi hiyo.

Ndiyo sababu lugha nyingi zilizofuata hazikufanya kama COBOL. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mnamo mwaka 1972, iliruhusu herufi, tarakimu na kistari cha chini peke yake. Kistari cha chini hakikuwa na kazi ya hesabu, kwa hiyo hakikugombana na mtu. C ilipoenea, kanuni yake ya majina ilienea nayo.

4.0 Ritifaa yapewa kazi nyingine

Mwaka 1963 Wamarekani walichapisha mpangilio sanifu wa alama za mawasiliano unaojulikana kama ASCII, na mwaka 1967 wakaurekebisha ili uwe pia na herufi ndogo. Mpangilio huo una nafasi 128 tu, na ritifaa imo ndani yake kwa namba 39. Kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, alama moja ilibeba kazi nyingi: ritifaa ya Kiingereza, alama ya kufungia mnukuu, hata alama ya mkazo juu ya irabu.

Wabunifu wa lugha za programu waliiona alama hiyo kuwa ni mali huru, wakaigawa wapendavyo. Katika mashine nyingi zilizoendesha ALGOL 60, ritifaa mbili zililizunguka neno la amri ili kulitofautisha na majina ya kawaida. Katika Lisp, ritifaa ilikuja kumaanisha kwamba kinachofuata kisikokotolewe bali kichukuliwe kama kilivyo. Katika C hufungia herufi moja. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata iliyoanza katika miaka ya 1970, hufungia maandishi yote, na anayetaka kuandika ritifaa ndani ya maandishi hayo lazima aiandike mara mbili. Katika Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza mwaka 2015, hutangulia jina linaloonyesha muda ambao kitu kitaendelea kuwapo kwenye kumbukumbu.

Tazama basi linavyosomwa neno ng'ombe. Kompaila ya C, yaani programu inayoyatafsiri maandishi kuwa maagizo ya mashine, huona jina «ng», kisha huona mwanzo wa herufi iliyofungiwa ambayo haikufungwa, na hulalamika. Lahaja nyingi za Lisp huona vitu viwili: «ng», na «ombe» isiyotakiwa kukokotolewa. Perl ilikuwa na tafsiri ya kushangaza zaidi. Katika matoleo yake ya awali ritifaa ilitenganisha jina la kifurushi na jina la kilichomo. Na ijapokuwa toleo la 5 la mwaka 1994 lilileta nukta pacha mbili kwa kazi hiyo, ile ya zamani iliendelea kukubaliwa. Kwa hiyo Perl hukubali mbinu iitwayo ng'ombe bila kinyongo, ila huielewa kuwa ni «ombe» iliyomo katika kifurushi kiitwacho «ng». Jina la ukoo Ng'ang'a lingekuwa kifurushi ndani ya kifurushi.

Kuna tukio moja la karibuni linaloonyesha vizuri mpangilio wa vipaumbele. Mwaka 2014 kamati ya C++ iliamua kuruhusu alama ya kugawanya tarakimu ndefu ili zisomeke kwa urahisi, na alama iliyochaguliwa ilikuwa ritifaa. C nayo ikafuata katika kiwango chake cha mwaka 2023. Leo mwandishi wa lugha hizo anaweza kuiweka ritifaa katikati ya milioni moja. Katikati ya ng'ombe hawezi.

5.0 Lugha zilizofungua mlango

Isidhaniwe kwamba wabunifu wote walifuata njia ya C. Ulikuwapo mkondo mwingine, wa wale walioamini kwamba jina zuri ni sehemu ya fikra, na kwamba alama nyingi kadiri iwezekanavyo zipewe ruhusa.

Wa kwanza ni mkondo wa Lisp, iliyoanzishwa na John McCarthy mwaka 1958. Kwa kuwa Lisp huandika hesabu kwa kutanguliza alama na kufungia kila kitu kwa mabano, alama za kujumlisha na kutoa hazikuhitaji kutengwa na majina. Zenyewe ni majina. Scheme, lahaja ya Lisp iliyobuniwa mwaka 1975 na Guy Steele na Gerald Sussman, ilikuja kuwa na desturi mbili mashuhuri: jina la kitendo kinachouliza swali la ndiyo au siyo huishia kwa kiulizi, na jina la kitendo kinachobadilisha kilichokuwapo huishia kwa alama ya mshangao. Yukihiro Matsumoto wa Japani alizichukua desturi hizo katika Ruby, aliyoitoa kwa umma mwaka 1995, na kupitia Ruby zikawafikia waandishi wengi.

Desturi hizi zinamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kiingereza hubadili mpangilio wa maneno kinapouliza, na ndiyo maana katika lugha zisizoruhusu kiulizi waandishi wamezoea kutanguliza kitenzi cha kuuliza mwanzoni mwa jina. Kiswahili hakina haja hiyo. «Mlango umefungwa» na «Mlango umefungwa?» ni sentensi moja kwa maneno na kwa mpangilio, kiimbo peke yake ndicho kinachozitofautisha katika usemi, na kiulizi katika maandishi. Mbinu iitwayo «umefungwa?» si ufupisho wa kifundi, ni Kiswahili cha kawaida. Kwa upande wa alama ya mshangao hali ni kinyume. Ruby hutofautisha kupanga kunakotoa orodha mpya na kupanga kunakoigeuza orodha ileile kwa kuongeza alama mwishoni. Kiswahili kina kiambishi -ji- cha kujirejea, na «panga» na «jipange» yangetosha bila alama yoyote. Basi alama maalumu si hitaji la lugha zote kwa kiwango kimoja. Kila lugha ya binadamu ina mahali pake inapobanwa na mahali pake inapojitosheleza.

Mkondo wa pili ni wa Smalltalk, iliyoendelezwa katika maabara ya Xerox huko California katika miaka ya 1970. Humo nukta pacha ni sehemu ya jina la mbinu, na hoja hupachikwa katikati ya jina. Mtu angeweza kuandika «hamisha: 500 kutoka: ya_mama kwenda: ya_mtoto», na jina la mbinu hiyo likawa «hamisha:kutoka:kwenda:». Sentensi inasomeka kama inavyosemwa.

Mkondo wa tatu ulitoka kwa wanahisabati. Mwanahisabati akiwa na x na akapata x nyingine iliyobadilika kidogo, huiongezea kialama juu yake. Wabunifu wa familia ya ML, na baadaye wale wa Haskell iliyotangazwa mwaka 1990, walitaka kuidumisha desturi hiyo, wakairuhusu ritifaa ndani ya jina mahali popote isipokuwa mwanzoni. Hawakuwa na habari ya Kiswahili. Lakini kwa kuwa ritifaa yetu ya ng' haianzi neno kamwe, lango lililofunguliwa kwa ajili ya wanahisabati limetutosha kupita. Katika Haskell na katika OCaml, ng'ombe ni jina halali, tena lisilogawanyika.

Mkondo wa nne ni wa wale wanaoruhusu jina lolote mradi lizungushiwe alama za kulilinda. Scala, iliyobuniwa na Martin Odersky huko Uswisi na kutolewa kuanzia mwaka 2004, huruhusu alama za hesabu kuwa majina ya mbinu, na huruhusu pia jina lolote lililofungiwa katikati ya alama mbili za mkazo wa kushoto. Kotlin, iliyofikia toleo la kwanza mwaka 2016, hufanya vivyo hivyo, na waandishi wake huitumia ruhusa hiyo kuandika sentensi nzima zenye nafasi kama majina ya majaribio yao.

Lugha hizo mbili zinatufichulia jambo la msingi. Zote huendeshwa na mashine ya kubuni ya Java. Mashine hiyo, tangu toleo la 5 la mwaka 2004, inakataza alama chache tu katika majina: nukta, nukta mkato, mabano ya mraba ya kufungulia na mkwaju, na kwa majina ya mbinu huongeza alama mbili za kuonyesha udogo na ukubwa. Ritifaa haimo katika orodha hiyo ya makatazo. Maana yake ni kwamba katika ulimwengu wa Java aliyeizuia ng'ombe si mashine. Ni sarufi ya lugha ya juu, yaani makubaliano ya watu, na makubaliano ya watu yana historia.

6.0 Yunikodi na swali lililorudi nyumbani

Kabla ya kufikia Yunikodi, inafaa tukumbuke kwamba si sisi peke yetu tuliobanwa. Viwango vya kitaifa vilivyotokana na ASCII viliruhusu nchi kuziondoa baadhi ya alama na kuweka herufi zao. Wasweden waliweka ä, ö na å mahali pa mabano ya nyusi na mstari wima. Matokeo yake, mwandishi wa C huko Stockholm aliyaona mabano ya programu yake yakigeuka kuwa herufi kwenye kioo. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliweka maandishi mbadala ya alama tatutatu ili kuwaokoa watu wa namna hiyo, na maandishi hayo yaliondolewa tu katika C++ ya mwaka 2017 na C ya mwaka 2023.

Toleo la kwanza la Yunikodi lilichapishwa mwaka 1991, likiwa na lengo la kuipa kila herufi ya kila hati namba yake. Java, iliyotangazwa mwaka 1995, iliruhusu tangu mwanzo herufi yoyote ya Yunikodi katika majina. Python ilifanya hivyo katika toleo la 3.0 la Desemba 2008, baada ya mjadala ambamo wapinzani walihofia herufi zinazofanana kwa sura na programu ambazo watu wa nchi nyingine wasingeweza kuzisoma wala kuzichapa. Rust ilifuata mwaka 2021. Hofu hizo hazikuwa za bure, na hadi leo miradi mingi hujiwekea sharti la kutumia herufi za Kiingereza pekee.

Ruhusa nayo ina mitego yake. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, huruhusu herufi za Yunikodi, lakini ilifanya herufi kubwa ya mwanzo kuwa ishara kwamba jina linaweza kutumika nje ya kifurushi chake. Hati ya Kiarabu haina herufi kubwa wala ndogo. Anayeandika Kiswahili kwa hati ya mababu zake anaweza kutoa majina katika Go, ila majina hayo hayatoki nje ya nyumba mpaka yatanguliziwe herufi ya Kirumi.

Tukirudi kwenye ng', tunakuta kwamba Yunikodi haina ritifaa moja bali ina kadhaa zinazofanana. Ya kwanza ni ile ya zamani ya namba 39, iliyomo katika kila kibodi. Imeainishwa kuwa alama ya uakifishaji. Ya pili ni ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe mahali pa ile ya kwanza. Nayo ni alama ya uakifishaji. Ya tatu, yenye namba 02BC, ina sura ileile ya kupinda, lakini imeainishwa kuwa herufi. Kwa sababu hiyo peke yake, neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa ya tatu hukubaliwa kuwa jina katika Java, katika Python na katika Rust. Likiandikwa kwa ya kwanza au ya pili, hukataliwa. Macho hayaoni tofauti. Tofauti imo katika jibu la swali ambalo sarufi zetu zimeliacha wazi: je, hii ni herufi au ni alama?

Wahawaii walilijibu swali kama hilo. Kituo cha koo katika lugha yao huandikwa kwa kialama kinachofanana sana na ritifaa iliyogeuzwa. Alfabeti yao ya herufi 13 hukihesabu kialama hicho kuwa ni konsonanti kamili, kina jina lake, ʻokina, na hutumia namba ya Yunikodi iliyoainishwa kuwa herufi. Jibu lao lilikuwa la kiisimu kwanza, na la kifundi baadaye.

7.0 Kwa nini jambo hili lina uzito

Mtu anaweza kuuliza: kuna hasara gani mwandishi wa programu akiandika ngombe na akaendelea na kazi? Kwa jina la mbinu moja, hasara ni ndogo. Lakini kanuni ya majina haibaki ndani ya majina. Anayezoea kuiona ritifaa kuwa adui wa programu huizuia pia mahali ambapo si jina la programu bali ni jina la mtu. Fomu inayokataa Ng'ang'a au Ndung'u, au inayolihifadhi jina hilo bila ritifaa ilhali kitambulisho kinayo, huwafanya watu wawili kutoka kwa mtu mmoja. Majina ya Kijaluo kama Anyang' huishia kabisa kwa ritifaa, na hata kanuni ya ukarimu inayoiruhusu katikati tu hayaitoshi. Mitaa nayo imo: Ng'ambo ya Unguja na Lang'ata ya Nairobi hutafutwa kila siku kwa tahajia mbilimbili.

Hasara nyingine iko karibu zaidi na taaluma yetu. Programu za kuhesabu maneno katika korpasi huanza kwa kuyakata maandishi kuwa maneno, na zile zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine aghalabu hukata kwenye alama ya uakifishaji. Matokeo ni neno «ng» lisilokuwamo katika lugha, na neno «ombe» lisilokuwamo pia, huku ng'ombe akitoweka zizini. Na hata programu isiyokata hivyo itahesabu maneno mawili au matatu pale penye moja, endapo waandishi wametumia ritifaa tofauti. Mtafiti asiyelijua hili atatoa takwimu za masafa ya fonimu zilizo na kasoro, na hatajua kasoro imetoka wapi.

8.0 Hitimisho

Historia tuliyoipitia ina kejeli yake. Herufi ŋ, ambayo Kiswahili Sanifu hakikuichukua, na ambayo ilikuwa mzigo kwa taipureta, leo ni nyepesi kwa kompyuta: ina namba moja, imeainishwa kuwa herufi, na hukubaliwa katika majina ya Java, Python, Go na Rust bila masharti. Herufi ng', iliyokuwa nyepesi kwa taipureta, ndiyo iliyokuwa nzito. Sipendekezi tubadili tahajia. Vitabu, kamusi na mazoea ya karibu karne moja ni mali kubwa kuliko urahisi wa chombo chochote, na chombo cha kesho kinaweza kuugeuza tena urahisi huo.

Ninachopendekeza ni mambo matatu. Kwanza, kamusi na vitabu vya sarufi viseme bayana kwamba ng' ni herufi moja ya alfabeti ya Kiswahili, na kwamba ritifaa iliyomo ndani yake si ile ya uakifishaji inayoonyesha udondoshaji. Pili, wanaoandaa korpasi na hifadhidata za Kiswahili wachague ritifaa moja ya kuhifadhia, waandike uamuzi wao, na wafanye zote tatu zitambuliwe kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta; mwandishi wa kawaida asitwishwe kazi ya kutafuta alama isiyokuwamo katika kibodi yake. Tatu, wabunifu wa lugha za programu waombwe kwa hoja. Kiambatisho namba 31 cha Yunikodi, kinachotoa mwongozo wa majina, tayari kinaitaja ritifaa ya kawaida miongoni mwa alama ambazo lugha inaweza kuchagua kuziruhusu katikati ya jina. Na katikati ndipo hasa Kiswahili kinapoihitaji, kwa kuwa ng' haikai bila irabu, au nusu irabu, baada yake.

Ombi la tatu haliwezi kufika kabla ya lile la kwanza. Hatuwezi kumtaka mgeni aiheshimu kama herufi alama ambayo sisi wenyewe, katika vitabu vyetu, bado tunaiorodhesha pamoja na mkato.